Kodi Huduma, Baki na Masta

Hotuba iliyotolewa Mwanza mbele ya vijana wanaofanya hip hop bila lebo, yaani bila kampuni ya muziki inayowasimamia. Tunaiweka nzima kwa ajili ya ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Mwangaluka, ndugu zangu! Asanteni kwa kuwahi. Viti vya mbele vimejaa, na kwa mkusanyiko wa wanahip hop hilo si jambo dogo. Wapo waliotoka Igoma, Buhongwa, Kirumba, Nyegezi, na kuna vijana wawili hapa wamevuka na kivuko cha Kamanga alfajiri. Karibuni sana.

Sikuja kuwafundisha kuchana mistari. Mji huu umemtoa Fid Q, umemtoa Young Killer. Mtu anayetaka kuwafundisha watu wa Rock City kupanga vina atafute shughuli nyingine. Mistari ipo. Nimeombwa niseme na ninyi mnaofanya kazi wawili wawili, bila lebo, na nitang'ang'ania jambo moja hadi mnichoke: nani anamiliki nini.

Tuanze na swali. Kujitegemea maana yake nini? Ukiwauliza wasanii kumi, tisa watakujibu hivi: sina lebo, sina meneja, najirekodi mwenyewe, najipigia picha mwenyewe, nasambaza mwenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp. Ndugu zangu, huko si kujitegemea. Huko ni kujitesa. Anayejitegemea ni yule ambaye rekodi ni yake, jina ni lake, akaunti ni zake. Kazi nyingine zote anaweza kuzikodi kwa yeyote, hata kwa kampuni kubwa kuliko zote duniani, na bado akabaki huru.

Mnadhani ninatia chumvi? Twendeni Seattle.

Seattle uko kaskazini-magharibi mwa Marekani. Kwenye ramani ya hip hop ulikuwa mji wa pembeni; New York, Los Angeles na Atlanta ndizo zilizokuwa zikiongea. Huko walikutana Ben Haggerty, anayejiita Macklemore, na Ryan Lewis. Walifahamiana mwaka 2006. EP yao ya kwanza ya pamoja, yaani toleo fupi kuliko albamu, ilitoka 2009. Albamu kamili ikatoka tarehe 9 Oktoba 2012. Hesabuni wenyewe: miaka sita tangu kujuana hadi albamu. Hapa kwetu watu wakitoa ngoma mbili zisishike, la tatu linakuwa wimbo wa kurushiana maneno.

Albamu ile iliuza nakala zipatazo 78,000 wiki ya kwanza na kuingia nafasi ya 2 kwenye chati ya albamu ya Billboard. Lebo iliyowasaini? Hakuna. Sasa CD zilifikaje madukani? Zilipitia Alternative Distribution Alliance, kampuni ya usambazaji iliyo chini ya Warner. Waliitumia kama msambazaji, masta, yaani umiliki wa rekodi zenyewe, zikabaki zao. Halafu angalieni mpangilio wa matukio, maana somo liko kwenye mpangilio. Video ya "Thrift Shop" ilitoka mwishoni mwa Agosti 2012. Ikaanza kutembea yenyewe mtandaoni. Ilipokwisha kuonekana kwamba watu wanaitaka, ndipo wakawalipa watu wa redio wa Warner waisukume kwenye vituo vikubwa. Kwenye chati ya tarehe 2 Februari 2013 ilikuwa namba 1 Marekani nzima. Mara ya mwisho msanii ambaye hajasainiwa na lebo kubwa kufika hapo ilikuwa 1994, Lisa Loeb. Januari 2014 wakabeba Grammy 4.

Wapo waliosema: hao si huru, mbona walitumia Warner? Mimi nawaambia walitumia kichwa. Walikodi nguvu ya redio ya kampuni kubwa wakati wimbo ulishakuwa na wateja, kwa hiyo walikaa mezani wakiwa na kitu mkononi. Wangeenda na wimbo ambao haujasikika popote, wangeambiwa: tutawasukuma, lakini masta tupeni sisi.

Na jambo jingine: Ryan Lewis hachani. Alitengeneza biti, alishiriki kuongoza video, alipiga picha, alibuni muonekano wao. Hapa Mwanza nikiona wawili, mara nyingi wote wawili wanagombea maiki moja. Nani anatengeneza biti? "Tunatafuta prodyuza." Nani anahariri video? "Kuna jamaa." Jiulizeni leo, mwenzako anafanya nini ambacho wewe huwezi? Kama jibu ni hakuna, mmoja wenu ajifunze kitu.

Sasa tuilete hapa nyumbani. Cha kukodi ni nini? Miksi na mastering, yaani kusawazisha sauti na kuipa rekodi umaliziaji, usambazaji, video, mtu wa kupeleka wimbo redioni. Cha kutouza ni nini? Masta, jina, na akaunti. Kwenye akaunti ndiko vijana wanakoumia zaidi. Prodyuza anasema, "Leteni, nitawapandishia mimi." Anapandisha kwa akaunti yake, kwa barua pepe yake, kwa namba yake ya benki. Miezi minane baadaye mmekosana. Wimbo una wasikilizaji, pesa inaingia, na ninyi hamwezi hata kuona takwimu. Si lazima awe mwizi. Mfumo unamtambua yeye, basi.

Fungueni barua pepe moja ya kundi, mpya, isiyo ya mtu binafsi. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za dharura ziandikwe kwenye karatasi mbili, kila mmoja na yake. Chaneli ya YouTube, msambazaji, Instagram, vyote vipite hapo. Kabla ya kuchagua msambazaji, yaani kampuni inayopeleka wimbo kwenye mitandao ya kusikilizia kama Spotify, ulizeni maswali mawili. La kwanza, nisipolipa mwakani wimbo unabaki? DistroKid, kwa mfano, ni ada ya kila mwaka. Ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kuondolewa, labda uwe umelipia nyongeza ya kuziacha zibaki. CD Baby unalipa mara moja kwa kila toleo, nao wanakata asilimia 9 ya mapato. La pili, pesa natoaje nikiwa Tanzania, na kiwango cha chini cha kutoa ni kiasi gani? Watu wanajua jibu la swali hili baada ya mwaka, pesa ikiwa imekaa tu huko.

Faili mnalopeleka liwe WAV, faili la sauti lisilobanwa, angalau biti 16 (hizi ni bit za kompyuta, si biti ya kuchania) na kHz 44.1. Msichukue MP3 mkaigeuza kuwa WAV, kilichokatwa hakirudi. Kava iwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu na bila nembo za mitandao, la sivyo inarudishwa. Kila rekodi inapata ISRC, msimbo wa herufi na tarakimu 12. Uandikeni mahali. Mkihama msambazaji mkapandisha wimbo uleule kwa ISRC mpya, mnahatarisha hesabu yote ya nyuma. Pandisheni wiki tatu au nne kabla ya siku ya kutoka. Spotify wanataka wimbo uwe umewafikia na kupendekezwa kwa wahariri wao siku 7 kabla, angalau. Na tangu 2024, wimbo wenye chini ya usikilizwaji 1,000 kwa miezi 12 hauingii kwenye mgao wao wa masta. Kwa hiyo ngoma kumi zenye usikilizwaji 300 kila moja ni sifuri. Ngoma mbili zenye 1,500 zinaingia.

YouTube nayo: pesa ya matangazo inaanza mkifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mkifika hapo, jazeni fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN kwa mtu binafsi. Msipoijaza, Google anaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote, hata ya mtazamaji wa Nyakato. Mkiijaza, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, mnakatwa asilimia 30, lakini ya watazamaji walioko Marekani peke yao. Mna watazamaji wangapi Marekani? Basi jazeni.

BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na COSOTA, watu wa hakimiliki, mnawajua, sitakaa hapo. Jisajilini, sajilini kazi, tunzeni vyeti.

Niende kwenye sauti, maana nimeahidi kutoongea karatasi tu.

Wazee wa hip hop ya Bongo waliofanya kazi wawili wawili walijua siri moja. Gangwe Mobb, Inspekta Haroun na Luteni Kalama, walichana Kiswahili cha Temeke kama kilivyo. Wagosi wa Kaya, Mkoloni na Dokta John, walikuja na lafudhi yao ya Tanga bila kuomba radhi. Ukifumba macho unajua nani anaongea na anatokea wapi. Ninyi nikifumba macho nitajua? Au wote wawili mna mwendo mmoja, sauti moja, na lafudhi ya kuazima kutoka Dar?

Tofauti hiyo mkiwa nayo, msiiue studio. Kinachoiua ni kurekodi sehemu mbili. Mmoja anarekodi Mkuyuni, mwenzake yuko chuo Malimbe anarekodi kwa rafiki, kisha anatuma kwa WhatsApp. Faili limebanwa, halijulikani linaanzia wapi kwenye biti, na mara nyingine moja ni kHz 44.1 na jingine 48. Programu isipobadilisha ipasavyo, sauti ya dakika 3 inakuwa dakika 3 na sekunde 16, na inashuka karibu nusutoni moja na nusu. Mtu anasikia mwenzake analegea, anadhani alikuwa amechoka. Hakuchoka, ni faili.

Kama ni lazima mrekodi mbalimbali, kubalianeni kHz 48 na biti 24 kabla. Kila faili litolewe kuanzia mwanzo kabisa wa biti, hata kama verse yako inaanza dakika ya pili; acha ukimya mbele. Tumeni kwa Google Drive, si kwa WhatsApp. Mkirekodi pamoja, maiki ileile, siku ileile, mdomo sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Kwa biti 24 hamhitaji kujaza mita. Sauti ikipasuka wakati wa kurekodi hakuna fundi wa kuirudisha. Chumba chenye bati juu na kuta tupu kinarudisha mwangwi, kwa hiyo tundikeni blanketi nzito nyuma ya mchanaji. Nyuma yake, ndiyo, kwa sababu upande huo ndio maiki inautazama. Watu wengi wanaweka godoro nyuma ya maiki halafu wanashangaa.

Na biti? Biti ya "bure" ya YouTube kwa kawaida ni bure kama huiingizii pesa. Ya kukodi kwa dola chache ina ukomo wa usikilizwaji, na muuzaji ana haki ya kuwauzia wengine hamsini. Hapo kuna mtego: msambazaji anakuuliza, uwashe Content ID, ule mfumo wa YouTube unaotambua sauti iliyotumika kwenye video za wengine? Biti si yako peke yako, usiwashe. Ukiwasha, mfumo utamdai kila aliyetumia biti hiyo, naye atakudai wewe, na akaunti yako itafungiwa mapato wakati mnabishana na mtu wa Brazil usiyemjua. Biti ya prodyuza wa hapa hapa, yenye mkataba wa ukurasa mmoja na faili za kila ala peke yake, mara nyingi ndiyo nafuu zaidi mwishoni.

Sasa pesa. Ndugu zangu, mnanisikia huko nyuma? Pesa.

Nendeni Mwaloni Kirumba, au mwalo wowote wa ziwa hili, mkaulize dagaa wanagawanywaje. Mauzo yakipatikana zinatolewa gharama kwanza: mafuta ya injini, taa, chakula. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, mwenye mtumbwi na nyavu fungu lake, wavuvi fungu lao. Na mgao huo unajulikana kabla mtumbwi haujaingia majini. Ninyi mnaingia studio mgao haujulikani.

Tuchukue mfano. Wimbo umeingiza shilingi 600,000. Gharama: miksi na mastering 100,000, kava 40,000, mtu wa redio 100,000. Jumla 240,000. Zinabaki 360,000. Prodyuza mlikubaliana asilimia 15 ya masta: 54,000. Zinabaki 306,000, kila mmoja 153,000. Rahisi, sivyo? Sasa ongeza swali: zile 240,000 alitoa nani? Kama alitoa mmoja wenu peke yake, anarudishiwa 240,000 kwanza, halafu ndipo anapata na 153,000 zake. Isipoandikwa, mwenzake ataona 393,000 kwa 153,000 na ataamini ameibiwa. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyeandika.

Karatasi ya mgao iwe na nini? Jina la wimbo na tarehe. Majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na majina ya kazi. Asilimia za utunzi, yaani maneno na muziki, zijumlike 100. Asilimia za masta, nazo zijumlike 100. Hizi ni hesabu mbili tofauti, msizichanganye. Biti ni ya nani, imekodiwa au imenunuliwa moja kwa moja. Dada aliyeimba kiitikio amelipwa mara moja akamaliza, au ana fungu? Nani alitoa gharama, kiasi gani. Saini. Piga picha, weka kwenye barua pepe ya kundi. Yote haya usiku ule ule wa kurekodi, kabla wimbo haujawa na thamani, kwa sababu kugawana sifuri hakuna anayegombana.

Kuna wanaosema muziki mtandaoni haulipi, kwa hiyo ya nini yote haya? Hapo nawaletea wawili wengine, Run the Jewels. Killer Mike wa Atlanta na El-P wa Brooklyn, wote wamezaliwa 1975. Walipotoa albamu yao ya kwanza pamoja mwaka 2013 walikuwa na miaka 38, umri ambao hapa watu wanakuambia uoe uache mambo ya kitoto. Waliitoa bure, mtu anapakua tu. Ya pili ikafuata 2014, nayo bure. Ya tatu, Desemba 2016, bure tena. Waliishi kwa nini? Kwa shoo, fulana na santuri. Ile alama yao ya ngumi na bastola ya vidole ikawa inajulikana hata na mtu asiyejua mstari wao mmoja. Lakini tazameni: ili utoe bure, lazima kiwe chako. Mwenye masta mikononi mwa lebo hawezi kuamua asubuhi moja kugawa albamu.

Kwetu kugawa bure bila kupata chochote ni kupoteza. Mkitoa ngoma bure, pateni namba ya simu ya mtu, kwa ridhaa yake. Orodha ya kutuma ya WhatsApp inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yenu. Kwa hiyo pale mlangoni mwa shoo, mtu akitaka wimbo, mwambieni ahifadhi namba yenu kwanza, mbele yenu, ndipo mumtumie. Watu mia mbili wa aina hiyo wanajaza ukumbi mdogo. Wafuasi elfu tano wa kununua hawajazi hata daladala.

Na mkifika kwenye shoo, tafadhali, ondoeni kiganja kwenye kichwa cha maiki. Naona mnacheka. Maiki ya jukwaani imetengenezwa ipokee sauti ya mbele na ikatae ya nyuma, na inafanya hivyo kwa matundu yaliyo nyuma ya kile kichwa. Ukiyaziba kwa kiganja inapokea pande zote, pamoja na spika iliyo miguuni mwako, na ule mlio unaotoboa masikio unaanza. Halafu mnamlaumu fundi mitambo. Shikeni mpini. Nendeni na biti isiyo na sauti zenu, WAV na MP3, kwenye flashi mbili, kila mmoja yake. Kwa kuwa mko wawili, mwenzako amalizie maneno ya mwisho ya mstari wako ili upate kupumua. Hiyo ni faida ya kuwa wawili ambayo mchanaji wa peke yake lazima ailipie kwa pleibeki, yaani sauti yake iliyorekodiwa ikipigwa nyuma yake.

La mwisho, na mtanivumilia. Mtatengana. Msinune. Macklemore alitoa albamu bila Ryan Lewis mwaka 2017, miaka mitatu tu baada ya zile Grammy. Kila mmoja ana jina lake mwenyewe, na katalogi yao ipo palepale. Ninyi jina la kundi ni la nani? Likisajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama jina la biashara, hilo linawaruhusu kufanya biashara, halilindi jina lenyewe. Linalolinda ni alama ya biashara, nayo inaombwa BRELA hapo hapo, kwa madaraja: 41 ni burudani, 9 ni rekodi, 25 ni nguo. Kama pesa ni ndogo, anzeni na 41. Ombi liwe na majina yenu wote wawili. Na muandike sasa, mkiwa bado mnakula sahani moja, mambo matatu: mmoja akiondoka, anayebaki anaruhusiwa kutumia jina au hapana, nyimbo za zamani kila mmoja anaruhusiwa kuziimba jukwaani au hapana, barua pepe ya kundi anabaki nayo nani, na mwenzake anaonaje mapato.

Karatasi za mgao zimechapwa, ziko kwenye meza ile karibu na mlango, na kalamu zipo. Mliokuja wawili na mna wimbo ambao umeshatoka, chukueni moja, kaeni pembeni, jazeni wimbo huo mmoja. Mkikwama kwenye asilimia, niiteni, nipo hadi saa nane.